Unga Usionuka

Nilipindua beseni la unga wa mihogo katikati ya soko, hapa Kindu, Kongo, mbele ya watu, na sikuomba msamaha.

Mama muuzaji alikuwa ananiita kama anavyomwita kila anayepita: "Mama mutoto, kuja unuse! Iko na harufu? Hakuna! Hii njo unga ya watu wa biro, watu wa ofisi!" Binti yangu alisimama kando yangu, ameshika kitenge changu. Ana miaka minne. Anasimama kwa vidole tu, visigino viko juu, magoti yanagongana. Yule mama akamtazama, akasema kwa huruma kabisa: "Maskini, nani alimuloga?"

Hapo mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Weye, iko na wazimu?" akapiga kelele, unga wote uko kwenye matope.

"Ndiyo, niko nao. Sasa sema mbele ya watu: mihogo yako inalala usiku ngapi majini?"

Wenzake wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana jibu walilijua.

Kiangazi kilichopita, binti yangu alicheza mchana kutwa, akalala vizuri. Asubuhi hakuweza kusimama. Hakuwa na homa, hakuwa na jeraha, miguu tu imekakamaa. Shangazi wa mume wangu alisema ni mama yangu mzazi aliyemfunga mtoto kwa uchawi, eti apelekwe kwenye maombi kwanza. Kwenye kituo cha afya muuguzi alisema ni polio. Nikamwonyesha karatasi ya chanjo, imejaa yote. Akanikasirikia kana kwamba nimemwibia jibu lake, akanipa dawa ya maji ya vitamini. Nilirudi pale mpaka wakanichoka.

Mwishowe, hospitalini, daktari mmoja kijana aligonga goti la mtoto kwa kinyundo, mguu ukaruka kwa nguvu. Hakuuliza nani anatuchukia. Aliuliza tunakula nini.

"Bugali na sombe, doktere."

"Na samaki?"

"Mume wangu ni wa reli, mshahara hauji. Unajua mwenyewe."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akanieleza kwamba mihogo michungu ina sumu, sianidi. Ikilowekwa siku tatu hivi mpaka ilainike na kunuka, sumu nyingi inatoka. Ikitolewa mapema, sumu inabaki kwenye unga. Anayekula samaki, maharagwe au nyama, mwili wake unapata nguvu ya kuivunja. Mtoto anayekula bugali ya mihogo na majani ya sombe tu, wiki baada ya wiki, sumu inamzidi na inaharibu mishipa inayoamuru miguu. Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo.

"Atapona?"

"Kurudi kama zamani, hapana, mama. Lakini kama hatakula tena unga wa namna ile, ugonjwa hautazidi. Akirudia kula, anaweza kushikwa mara ya pili, na hapo sijui kama atatembea."

Nilitoka nje nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimeshawaona watoto wa namna hiyo, nami nikiwa mtoto.

Ilikuwa wakati wa vita. Mji umezungukwa, treni haiji, anayekwenda shambani anarudi na kikapu kitupu au harudi. Zamani mama yangu alizamisha mihogo kijitoni siku tatu, sisi watoto tukipita pale tunaziba pua. Vita ilipokuja, wenye bunduki wakajifunza kufuata ile harufu. Walichukua mihogo ya watu ikiwa imelainika, tayari kwa kukaushwa. Basi akina mama wakaanza kuitoa baada ya usiku mmoja, ingali migumu, wakaikausha juu ya moto. Tulikula, tukashukuru. Kwenye avenyu yetu watoto kadhaa wakaanza kutembea kwa vidole. Watu walisema vita imeleta wachawi, na bibi mmoja alifukuzwa nyumbani kwake. Mihogo haikushukiwa na mtu.

Sasa kinachonichoma ni hiki: vita iliondoka, usiku mmoja ukabaki. Wanawake waliojifunza biashara miaka ile waliona kwamba unga wa haraka ni mweupe, haunuki, na sisi watu wa mjini tunaupenda. Unga unaonuka tunauita wa kijijini. Kumbe kunuka kulikuwa dalili kwamba mihogo imekaa majini inavyotakiwa! Nimemaliza sekondari. Nilikariri fomula ya asidi ambayo sijaiona hadi leo, lakini hakuna mwalimu aliyeandika neno mihogo ubaoni. Daktari anasema wataalamu wanajua habari hii miaka mingi. Hata unga uliokwisha kusagwa unasaidiwa: unaulowesha, unautandaza mwembamba kwenye mkeka juani saa mbili hivi, sumu inapotea hewani, kisha unaupika siku hiyohiyo. Jua! Kindu tunalo la kutupa.

Siku hiyo ya beseni, mkuu wa soko alitupeleka sote wawili, mimi na muuzaji, ofisini kwake. Karani akanikemea: "Mama, weye njo umekosa. Umemwanga mali ya muntu."

Muuzaji alikaa nami kwenye benchi moja. Akaninong'oneza: "Mutoto wangu, njo kweli? Ni mihogo?"

"Kweli, mama."

"Lakini nikiiacha siku tatu, wanaiba. Na nikileta yenye kunuka, nani atanunua? Weye ungenunua?"

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila haikuwa tena ya kumwangukia yeye peke yake.

"Kama iko na shida na unga, andika plenti, ushitaki," karani akasema, akijua kwamba watu hawaandiki. Nikaomba karatasi, na muuzaji akaninong'oneza niandike pia mahali pa kuloweka pasipo wezi. Hiki ndicho nilichomwachia mezani, akakipiga muhuri mbele yangu:

"Kwa Mkuu wa soko. Mimi, mama wa mtoto mwenye konzo, nashitaki. Simshitaki muuzaji. Naishitaki ofisi yako, inayopita kila asubuhi kuchukua kodi ya meza na haijauliza hata mara moja mihogo imelowekwa muda gani. Naomba mambo matatu. Wauzaji wafundishwe na daktari, hapa sokoni, kwa Kiswahili. Wapewe mahali penye ulinzi pa kulowekea siku tatu. Hili ameniomba muuzaji mwenyewe niliandike. Wanunuzi waambiwe kwa sauti kwamba unga unaonuka si uchafu. Naomba nijibiwe kwa maandishi, kwa maana kwa mdomo nimeshajibiwa sana."