Tyubu ya Baiskeli Kifuani

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Leo nina malori matatu na nyumba mbili Bariadi mjini, na wenye digrii wananiamkia mimi kwanza. Sijisifu, nasema ilivyo. Nina ujasiri wa kumwambia mtu yeyote jambo lolote. Lakini lipo moja lililonishinda, na lilianza nikiwa na miaka kumi na minne, nilipoota matiti.

Lilianza la kushoto, gumu kama kokwa chini ya chuchu. Ndama akinigonga pale, nilikuwa naona nyota. Kisha la kulia. Baada ya miezi michache yalichomoza kabisa, yanasukuma shati kama ya msichana. Nikaacha kwenda kuoga mtoni na wenzangu. Nililala na shati, nilichunga na shati, jua liwake lisiwake.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyeyaona kwanza. Hakunisema mimi. Alimgeukia mama yangu pale uani, watu wakiwepo.

"Mtoto wa mwisho huyu ulimnyonyesha mpaka anakimbia! Alikuwa anatoka kuchunga ndama anakuja kudai ziwa. Ona sasa, uanamke wako umehamia kwake."

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaendelea kuchonga.

Bibi akaamuru mama asiguse tena maziwa ya boma lile. Asikinge, asichuje, asiyasuke kupata siagi. Kwetu Nkololo mwanamke anayesuka maziwa ndiye mwenye nyumba. Mgeni akija, yeye ndiye anayemmiminia. Siku hiyohiyo kibuyu cha kusukia kilihamishiwa kwa mke mdogo wa baba. Mama akabaki na kuni na mtwangio. Wanawake wenzake wakija, alikaa pembeni kama aliyefiwa. Mimi aliniambia tu, "Ng'wana wane, mwanangu, usiogope," na yeye ndiye aliyekuwa anaogopa.

Miaka hiyo ndiyo wanunuzi binafsi walikuwa wanaanza kuingia kwenye pamba. Tulizoea ushirika tu, mara malori ya watu yakajaa vijijini, kila mmoja anataka kuwahi kabla ya mwenzake. Walihitaji vijana wa kushindilia. Gunia refu la katani linaning'inizwa kwenye miti, kijana anaingia ndani, wenzake wanamwagia pamba kutoka juu, naye anaikanyaga mpaka inamwinua yeye mwenyewe hadi mdomoni mwa gunia. Wote walifanya kazi vifua wazi. Mimi nikawahi kusema, "Niwekeni ndani, mimi ni mwepisi." Ndani ya gunia nani atakuona? Na niliwashinda wote kwa kukanyaga, hilo waliokuwepo wanalijua.

Ila wakati wa kutoka kifua kilikuwa kinatokeza machoni pa wote. Basi nikakata tyubu ya baiskeli ya baba, nikajizungushia mizunguko minne chini ya shati, nikaivuta mpaka pumzi ikawa fupi. Siku ya tatu, saa saba mchana, vumbi la pamba puani, nikaanguka humohumo. Wenzangu wakaendelea kumwaga.

"Oya, mbona hukanyagi? Umelala?"

"Kalala bwana, mtoto wa mama huyo!"

Msimamizi ndiye aliyeshtuka, akapasua gunia kwa kisu. Alinipeleka zahanati kwenye karia ya baiskeli, kichwa kinaning'inia.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, si mtu wa huku. Alifungua shati, akakata tyubu kwa mkasi. Ngozi ilikuwa imechubuka duara zima.

"Nani kakufunga hivi?"

"Mwenyewe."

"Kwa sababu ya haya?" Akayabonyeza kidogo, moja baada ya jingine. "Wavulana wengi wa umri wako yanawatoka. Wanaficha tu, kama wewe. Ni mwili unabalehe. Usifunge, usikande. Mwaka, miwili, yatanywea."

"Bibi anasema ni mama. Alininyonyesha sana."

Aliweka mkasi chini. "Mama yako hana kosa lolote. Ukifika nyumbani, mwambie hivyo. Na wengine wasikie."

Nilifika jioni. Mke mdogo wa baba anasuka maziwa, bibi yupo, baba yupo, mama anatwanga. Mama aliacha mchi hewani.

"Umefanyaje?"

Ningesema sentensi moja tu. Lakini kuisema ilibidi niyataje matiti yangu mbele ya baba.

"Joto tu," nikajibu, nikapita.

Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Mwaka uliofuata yakanywea, kifua kikawa hiki mnachokiona. Bibi akatangaza kote: mnaona? Tulipomwondoa mama yake kwenye maziwa, mtoto kapona. Tangu hapo nani angenisikiliza? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Nilipopata mali nilimhamishia mama mjini, nikampa chumba chenye vigae na ng'ombe wawili wa kisasa nyuma ya nyumba. Hakuwahi kugusa maziwa yao. Alimsubiri mke wangu ammiminie kikombe, miaka nenda rudi.

Mwaka wake wa mwisho nilimkuta amekaa peke yake barazani. Nikamweleza yote, zahanati, muuguzi, maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile, mayu."

Alinitazama kama unavyomtazama mpita njia aliyesimama kuuliza barabara. Kisha akasema anasikia usingizi, akaingia ndani, na jua lilikuwa bado juu.