Dagaa wa Mbalamwezi

Enzi zetu sisi wa Murangi, Kiingereza kilikaa shuleni na hakikuwa na ruhusa ya kuvuka ua wa minyaa. Nyumbani tuliongea Kijita, mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapotia nanga, Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa cha saa nne asubuhi, baada ya uji. Kitabu kimoja tulikiinamia watoto sita, na aliyekaa upande wa juu alijifunza kusoma maneno yamepinduka. Mpaka leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu, na wala hajui.

Darasa la saba tulifundishwa na Mwalimu Zuhura, binti wa muuza vitenge wa Bunda mjini, mwembamba, mkali, ananukia udi hadi dawati la nyuma. Kila siku alitupa zoezi la ufahamu. Tulianza na la kusikiliza: anasoma kifungu mara mbili, sisi kalamu chini, halafu maswali. Mvua ikianza kupiga bati, hasikiki, zoezi linaahirishwa. Tuliipenda mvua kuliko wakulima.

Lakini mimi sikuwa na nafasi ya mchezo. Dada yangu Nyangeta alikuwa amefeli mtihani wa darasa la saba miaka miwili nyuma, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuanika dagaa mwaloni, jua lichome lisichome. Nilimpenda sana dada, ila mikono yake iliyopasuka ilinitisha. Baba naye, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinimalizia habari tukiwa tunakula: "Na wewe ukifeli, kesho yake unachukua tenga. Mimi sibembelezagi mtu."

Basi siku moja Mwalimu akatusomea kifungu cha mzee mvuvi aliyetoka na mtumbwi mbalamwezi ikiwaka, akarudi na dagaa tele. Swali la kwanza: mzee alipata dagaa wengi wakati gani? Darasa zima, watoto arobaini na kitu, tukaandika kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza kwamba alipata wakati hakuna mbalamwezi. Mwalimu alisahihisha madaftari kumi, akaweka kalamu chini. Alidhani tumeibiana majibu. Akatutoa nje, tukapiga magoti kwenye changarawe.

"Nani aliwapa hili jibu?"

Magoti yaliponishinda nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbalamwezi ikiwepo dagaa hawapatikanagi. Hawafuati taa za mitumbwi, mwanga umejaa ziwa zima. Wavuvi wote wanakaaga nyumbani wanashona nyavu. Huyo mzee ni muongo."

Mwalimu Zuhura alitutazama, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Nani amewauliza habari za ziwa lenu? Nimeuliza habari za mzee wa kwenye karatasi! Kwenye mtihani, karatasi ikisema samaki amepanda mti, na nyie mpandisheni. Haya, inukeni."

Siku ya mtihani ikafika. Kifungu kilikuwa cha mama aliyeng'oa mihogo asubuhi, na mchana huohuo familia ikala ugali wake. Niliguna mpaka msimamizi akanigeukia. Kwetu muhogo unamenywa, unavundikwa hadi uote ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa, unasagwa, ndipo uongelee ugali. Na jibu la "baada ya siku nyingi" lilikuwepo palepale, linaniita kwa jina. Nikamkumbuka samaki wa juu ya mti. Nikamwomba mama yangu msamaha kimoyomoyo, nikachagua mchana huohuo.

Majina ya waliofaulu yalipobandikwa, langu lilikuwemo. Baba alisema tu, "Tenga libaki na mwenyewe." Nyangeta alinikumbatia akaniachia magamba ya dagaa kwenye sare, na nililia kwa furaha na kwa kumwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Leo naishi mjini, Mukendo, na mwanangu yuko darasa la saba. Watoto wa siku hizi wana raha zao: vifungu viko kwenye simu, Mzungu anawasomea masikioni, na mvua inyeshe itakavyo. Chaji ikiisha, na Kiingereza kimeisha. Lakini niseme ukweli, anafanya vizuri. Juzi alipata maswali yote kumi, hata moja halikumponyoka.

Kwa furaha nikaamua kumwongezea la kwangu. "Haya, niambie, kwa nini siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi kuvua dagaa?"

Akachomoa kidude kimoja sikioni, akapandisha na kushusha maandishi ya simu kwa kidole, anatafuta. Akatafuta tena.

"Mama," akasema, "hiyo iko aya ya ngapi?"

Nilicheka kama Mwalimu Zuhura, mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikanikauka. Sisi tulilijua ziwa mpaka tukapigishwa magoti. Huyu wangu, asiyelijua ziwa, hatapigishwa magoti na mtu yeyote. Nikachukua simu yangu nikampigia dada Nyangeta, ambaye sasa ana mitumbwi yake miwili, nikamwambia likizo hii namletea mwanafunzi.

"Mlete," akasema. "Ila mwambie huku hatuna karatasi."