Ukuta wa Maonyesho

Mume wangu ni mwashi, lakini mwiko ameutundika zamani. Tangu chama cha waashi kimchague kuwa mwenezi, kazi yake ni kupiga domo. Anazunguka mashuleni na kipaza sauti, fulana ya chama imembana tumbo, akihubiri matofali. Ukimtajia kuta za mabati ananuna kama umemtukania mama yake. Siku hizi hata mimi namwita Mwenezi, na mwenyewe anafurahi, jamani, anafurahi kweli!

Siri ya maonyesho yao naijua, maana ndiyo inayonivunja kiuno. Kila wanapokwenda kuelimisha umma, waashi husimamisha ukuta mfupi mbele ya watu, chapuchapu, uzi umenyooka, timazi limetulia. Watu wanapiga makofi. Wakishatawanyika, ukuta unabomolewa, matofali yanarudi uani kwangu, na mimi nachuchumaa kuyasugua yawe safi kwa maonyesho mengine. Yangeshikwa na saruji ningeyasuguaje? Kwa hiyo wanajengea udongo na mchanga, saruji wananyunyiza kidogo tu ili rangi ifanane. "Ni maonyesho, mke wangu," husema Mwenezi. Haya, maonyesho. Na kwa kuwa walikuwa wanaubomoa siku hiyohiyo, nami nilinyamaza.

Basi shule anayosoma binti yetu ikataka kuongeza madarasa. Mwalimu mkuu na kamati ya wazazi walikuwa hawajaamua, matofali au mabati. Wakamwambia Mwenezi kwamba wakichagua matofali, watamwajiri pale pale awafundishe vijana uashi. Mwenzangu akapoteza usingizi. Asubuhi nilimkuta mbele ya kioo akijiambia, "Karibuni darasani." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya maonyesho wazazi tulijaa uwanjani, watoto wakiwa bado madarasani. Mwenezi alisema mpaka mate yakamkauka. Nyumba ya matofali haina kelele wakati wa mvua, haichomi wakati wa jua, wajukuu watairithi. Nyuma yake waashi walikuwa wakipanga tofali juu ya tofali, na ukuta ukatoka mzuri, jua kali likaukausha upesi, sisemi uongo.

Mwalimu mkuu akasimama. "Ndugu zangu, mmetushawishi. Tunajenga kwa matofali. Na ukuta huu msiubomoe. Acheni ubaki hapa, watoto wapate pa kukaa wakati wa mapumziko."

Watu wakashangilia. Waashi wakaanza kutazama viatu vyao. Nikamsogelea Mwenezi, nikamvuta mkono.

"Waambie."

"Tulia, mke wangu. Kesho alfajiri tutakuja tuujenge upya kimyakimya."

"Kesho? Watoto wanatoka sasa hivi!"

"Unataka niukose ualimu?" Alikuwa anatabasamu kwa wale wa kamati huku akinisemesha kwa pembe ya mdomo. Hasira zilinipanda nikahisi masikio yanawaka.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje, na wa mbele kabisa ni binti yetu, anawavuta wenzake mikono. "Njooni muone! Baba yangu ndiye aliyeuleta ukuta huu!"

Uzalendo ukanishinda. Nikahakikisha upande wa pili hakuna mtu, nikauegemea ukuta kwa bega. Wala sikutumia nguvu. Ukaenda wote, puu, vumbi likatufunika mimi na kamati nzima.

Mwalimu mkuu aliokota bonge la udongo, likamvunjikia kiganjani. "Fundi, hiki ni nini?"

Nilidhani sasa atasema. Mwenezi akajikung'uta fulana, akanitazama, akasema, "Mwalimu, huyu mke wangu ana nguvu sana."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka, wala binti yetu.

Shule ikachagua mabati. Chama nacho kikaitisha kikao cha dharura, wazee wazima wakajadiliana, wakapitisha azimio zito: kuanzia sasa, wake za waashi wasihudhurie maonyesho. Kuhusu udongo, kimya. Mwenezi ndiye aliyeniletea habari hiyo, na hakuona hata haya.

Lakini kilichomgusa hakikutoka chamani. Jioni ya siku ile ya ukuta tulisikia kitu kinaburuzwa chumbani kwa binti yetu. Tukaenda kuangalia. Alikuwa anakivuta kitanda chake kutoka ukutani, amekifikisha katikati ya chumba.

"Unafanya nini, mwanangu?" baba yake akauliza.

"Nyumba hii umejenga wewe, baba?"

"Mimi mwenyewe! Na hii ni saruji, saruji tupu. Tazama!" Akaupiga ukuta ngumi, akaupiga tena mpaka vidole vikachubuka. Ni kweli, nyumba yetu ni imara, alipoijenga nilikuwepo. "Umeona? Hebu njoo uusukume mwenyewe."

Mtoto alirudi nyuma, akaja kusimama kando yangu. "Mama," akaniuliza, "eti ni kweli?"