Mpira wa Shati la Nunow

Mwaka ule wa 1967, wakati wa vita vya serikali na waasi, Ebla na jamaa zake walikuwa wamefungiwa na askari ndani ya ua wa miiba nje ya Bura, pamoja na wafugaji wengine wengi. Kutoka ni kwa ruhusa ya askari, kurudi ni kabla jua halijatua. Ngamia wao walipigwa risasi mbele ya macho yao. Mumewe, Nunow, alikuwa ametoka kumtafuta ngamia jike aliyepotea kabla watu hawajakusanywa, na tangu hapo hakuonekana tena.

Lakini kilichomnyima Ebla usingizi ni bintiye, Shamis, mtoto wa miaka minne. Tangu milio ile ya bunduki, Shamis hakutamka neno. Alikaa kibandani amejikunyata, uji ukitiwa kinywani unamtoka. Alikuwa amebaki mifupa.

"Mtafutie cha kuchezea," jirani yao Saado alimwambia. "Akicheza atasahau, akisahau atakula."

Cha kuchezea gani? Mle ndani hamkuwa na nguo zaidi ya walizovaa, isipokuwa shati na kikoi cha Nunow. Ebla alipozitoa na kuchukua kisu, mama mkwe wake, Rahmo, alimshika mkono.

"Usikate! Akirudi atavaa nini?"

"Mama, niache."

"Ukikata umeshamzika mwanangu!"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa Ebla mwenyewe. "Wallahi, Mama, sijamzika. Lakini mtoto wake ananifia mkononi. Unataka nifanye nini?"

Rahmo alimwachilia, akageuka, akajifunika uso kwa mtandio.

Ebla akalichana shati matambara. Kikoi akakikata vipande vyenye tumbo pana na ncha mbili, akaviunganisha kwa ndani kwa shazia, sindano kubwa ya magunia, ya Saado na nyuzi alizofumua kwenye gunia la posho. Akaacha tundu, akaugeuza mfuko uliopatikana, akaushindilia matambara hadi ukajaa, akaliziba. Mpira ulikwenda upande, lakini ulikuwa laini.

Shamis aliukumbatia, akaunusa.

"Aabo," akasema. Baba.

Ebla hakujua ashangilie au aomboleze. Jioni hiyo mtoto alikunywa uji.

Kisha ukaja msako. Askari wawili waliingia kutafuta risasi, na mmoja akaubonyeza ule mpira.

"Humu mna nini?"

"Nguo tu, bwana. Nguo kuukuu."

Akauchana kwa singe ya bunduki yake. Matambara yakamwagika vumbini, matambara matupu, nao wakaenda zao kibanda cha pili. Shamis hakulia. Aliyatazama tu, midomo imefungwa kama zamani.

Ebla alikaa chini, hana nguvu hata ya kulaani. Ni Rahmo aliyeinama kuyaokota, akiyakung'uta moja moja. Alipomaliza, akavua mtandio wake.

"Kitambaa cha juu kimeharibika," alisema. "Kata huu. Shona tena."

Ebla akashona, machozi yakimdondokea mikononi. Uji Shamis aliurudia baada ya siku kadhaa. Maneno yalichelewa sana.

Vita vilipokoma na ua kubomolewa, Nunow hakuwa amerudi, wala hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha kaburi. Ebla, mkwewe na bintiye wakashika njia ya Garissa kwa miguu, bila hata mbuzi mmoja.