Siku Niliyojisingizia Ulevi

Aibu yangu watu wa kwetu mlimani waliitangaza miaka mingi bila kunilipa, kwa hiyo sioni sababu ya kuwaficha ninyi leo. Mkitaka kucheka chekeni, nimezoea, ila mkimaliza kucheka nisikilizeni hadi mwisho, maana waliocheka wakati ule waliondoka katikati. Mimi, mwalimu wa shule ya misheni, sauti ya chini kwenye kwaya, mtu ambaye hata harufu ya pombe ilinipa mafua, nilijisingizia ulevi mchana kweupe mbele ya wakwe wa dada yangu, na uongo ule ukanila mimi kwanza, kisha ukamla asiyekuwa na kosa lolote.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Zama hizo za Mwingereza, mgonjwa wa kutoka Meru juu alifikishwa hospitali ya mjini Arusha kwa mabega ya watu, na mama yetu alipozidiwa na homa ya mapafu, masika yale ya utelezi, tulimlaza kwenye machela tukambeba wanne. Mimi na jirani mmoja mbele, Baba Mdogo na jirani mwingine nyuma (baba yetu alikwisha kufa zamani, Baba Mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu). Njia nzima nilikuwa nazungumza na mama bila kugeuka, maana ukigeuka kwenye tope lile na mti wa machela begani mnaanguka wote. Nikamwambia kahawa ya shamba la juu imechanua, nikamwambia tukifika nitamnunulia chai ya maziwa pale sokoni, ile anayoisifia, na kila tukipanda kilima nikasema, "Mama, tunakaribia kufika." Tulipoiteremsha machela kwenye baraza ya hospitali nikageuka, na mama alikuwa amekufa, mikono imekwisha kupoa. Nilikuwa nimezungumza na maiti, na sikujua tangu wapi. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Tukazika, tukamshukuru Mungu kama tulivyofundishwa, tukanyamaza.

Basi baada ya hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wangu usio na jina. Mtu akisimama au akitembea nyuma yangu, moyo unaanza kukimbia, pumzi inakatika, vidole vinakufa ganzi, jasho linanitoka, na nina hakika kabisa kwamba nakufa sasa hivi, hapa hapa, na kwamba nikigeuka nitaona kitu. Haudumu sana, ila ukiwa ndani yake hujui kama una mwisho. Darasani nikaanza kuandika ubaoni nikiwa nimesimama upande, jicho moja kwenye chaki na jingine kwa watoto, na watoto (hawana huruma wale) wakanibatiza jina, Mwalimu Ubavu. Kanisani nikahamia benchi la mwisho, mgongo ukutani, na watu wakasema tazameni unyenyekevu wa mwalimu. Unyenyekevu! Nilikuwa naogopa kama kuku.

Sikumwambia mtu. Mnajua wenyewe maneno ya kwetu, kwamba ukoo wenye wazimu hauoi wala hauolewi, na mimi nilikuwa na dada mmoja tu, Elirehema, mdogo wangu, ambaye kijana mmoja wa Moshono, Mesiaki, alikuwa amempenda naye amempenda. Nikasema nitaufunga mdomo wangu mpaka dada aolewe, halafu nikirukwa na akili nirukwe kwa raha zangu.

Siku ya posa ikafika. Kwetu kaka wa binti ndiye anayekwenda kuwapokea wageni barabarani na kuwaongoza mpaka nyumbani, naye hageuki nyuma njiani, maana kugeuka ni kama kuwahesabu wageni au kuwashuku. Baba Mdogo aliniuliza asubuhi, "Nimtume mwingine akawapokee? Naona hukulala vizuri." Nikamjibu, "Niko sawa, Baba Mdogo." (Hilo "niko sawa" lichongeni kwenye kaburi langu.)

Nikawakuta wameshafika. Mbele Mzee Loishiye, baba yake Mesiaki, mtu mrefu mwenye blanketi safi na maneno machache, nyuma yake mshenga, Mzee Yona, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu, na nyuma wanawake wamebeba vibuyu vya pombe ya ndizi. Kanisa lilikuwa likifumbia macho vibuyu vya posa, na Mzee Loishiye mwenyewe, kila mtu alijua, haonji hata tone, alivileta kwa sababu mila haiji mikono mitupu. Nikasalimia shikamoo zote, nikatangulia. Njia yenyewe ni ile nyembamba ya katikati ya kahawa na migomba, mfereji wa maji kushoto, mtu mmoja mmoja, na mimi mbele, na nyuma yangu nyayo za watu wenye mizigo, chwa, chwa, chwa, kwenye tope.

Sikufika hata nusu. Moyo ukaanza, nikajiambia hesabu migomba, nikahesabu migomba, migomba ikaanza kuzunguka, nikaona hewa yote ya Meru imekwisha na mimi sikubakiziwa, nikafanya kile kisichofanywa, nikageuka, tena kwa nguvu za mtu anayezama, nikawapita wale wazee wawili kwa kishindo, nikamvamia mama wa watu mwenye kibuyu kikubwa, tukabiringika mimi na yeye na kibuyu mpaka mfereji ulipotupokea. Kibuyu kikapasukia kifuani mwangu. Nikakaa ndani ya maji nimelowa pombe kutoka nywele hadi soksi, natetemeka, macho yamenitoka, siwezi kusema.

 Halafu Mzee Yona akacheka, akaniuliza, na ninaapa aliuliza kwa wema tu, kunipa pa kutokea, "Mwalimu! Kumbe umelewa?"

Nikauona mlango. Mlevi ni mtu wa kawaida, mlevi anachekwa leo na kesho analima, na ulevi ni wa mtu mwenyewe, hauhesabiwi kwa ukoo. Nikasema, "Nimelewa."

Neno moja, ndugu zangu. Sasa ukishasema umelewa inabidi ulewe, na mimi ulevi sikuujua hata kwa mazoezi, ikabidi niige walevi niliowaona njiani kwa miaka yote. Nikapepesuka zaidi ya walevi wenyewe. Nikaimba wimbo wa mavuno, sauti ya chini, peke yake, bila sauti nyingine (hakuna kitu kibaya kama hicho). Tulipofika uani nikamkumbatia Mzee Loishiye nikamwita shemeji. Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikaona kumbe inafaa, nikaongeza, nikamwuliza yule mzee kwa nini kibuyu chenyewe kilikuwa kidogo. Nilikuwa nafurahi, mnanielewa? Nilikuwa nimeokoa nyumba yetu.

Mzee Loishiye hakucheka. Alinishika mabega akaniketisha taratibu kwenye kigoda kama unavyomketisha mtoto, akajifunga blanketi lake, akamwambia Baba Mdogo, "Tutakuja siku nyingine." Wakaondoka na vibuyu vilivyobaki.

Elirehema alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake mpya. Yeye alijua mimi sinywi. Akaja akaninusa mdomo, mdomo, si shati.

"Kaka, umekunywa nini?"

"Pombe."

"Ya nani?"

"Ya watu."

Akanitazama sana. Pale ndipo pa kusema, mlango wa kweli ulikuwa huo, nami nikaangalia chini nikaendelea kupepesuka nikiwa nimekaa.

Mambo hayakuishia hapo. Mzee Yona yule yule aliyecheka ilimbidi, kama mzee wa kanisa, apeleke habari kwa mchungaji, kwa sababu kibuyu cha mila kinafumbiwa macho lakini mwalimu mlevi hapana. Nikasimamishwa shule. Nikaambiwa kwamba ili nirudi nitaungama mbele ya usharika. Nikakubali upesi, nikidhani nikiungama vizuri watu wa Moshono watasikia na watarudi. Kuungama dhambi ambayo sikuitenda, nyumbani mwa Mungu, ili kuficha ugonjwa ambao si dhambi. Mtu mwenye akili timamu angeliona hilo.

Na wapi anasimama anayeungama? Mbele, anaitazama madhabahu. Usharika wote uko mgongoni.

Nilianza vizuri, "Mimi mwenye dhambi, nimetenda dhambi ya ulevi," halafu benchi moja likalia nyuma yangu, watu wakasogeza miguu kwenye sakafu, wengi, wengi, na nikawa niko kwenye utelezi ule na mti begani. Nikaanza kuanguka. Nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitambaa cha madhabahu, kikaja chote na mishumaa yake na chombo cha maua, vikaniangukia kichwani, na kanisa zima likanisikia nikisema kwa sauti, "Mama, tunakaribia kufika. Mama, tunakaribia kufika."

Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Niliingia mle mlevi, nikatoka mlevi na kichaa.

Ukoo ukaamua Baba Mdogo anipeleke hospitali mjini. Tukaenda, yeye mbele mimi nyuma. Tukaonana na nesi mmoja wa makamo, mama mtaratibu, akausikiliza moyo wangu na kile chombo chao cha masikioni muda mrefu, akasema, "Moyo wako mzima kabisa. Wewe unashikwa na hofu. Nimewaona wenzako wengi, askari waliorudi vitani, mama waliojifungua, hata makarani wa bomani. Si kichaa, wala si pepo. Mwili unakumbuka hata kama mdomo umekataa. Niambie, ulianza lini?"

  Aliyesema ni Baba Mdogo, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaongea na sakafu.

"Alikufia Nduruma," akasema. "Tulipokuwa tunavuka mto. Mimi nilikuwa nyuma, uso wake ulikuwa mbele yangu. Alinitazama, akafumba macho. Ningekwambia, ungeshtuka tukamwangusha majini. Nikasema nitakwambia tukifika. Tukafika, nikasema tukishazika. Tukazika. Sasa mimi usiku nikifumba macho ananitazama."

Nikamwuliza kitu ambacho nilikuwa nimekibeba muda wote ule. "Alinisikia?"

"Mpaka mtoni alikusikia. Uliposema habari ya chai ya sokoni, alicheka."

Nililia mle ndani kama ambavyo sikulia makaburini, na Baba Mdogo akalia, mtu mzima na mvi zake, na yule nesi hakutunyamazisha wala hakutuambia tujikaze. Alikaa tu. Baadaye akatuagiza turudi kila siku ya soko, wote wawili, na kila tukirudi alitaka tusimulie tena safari ile tangu mlangoni kwetu, na kila tulipoisimulia ikawa nyepesi kidogo kubeba. Akatupa na kazi ya nyumbani. Mimi nitangulie hatua chache, Baba Mdogo anifuate nyuma akisema "nipo, nipo," kisha hatua zaidi, kisha afuate bila kusema. Tulionekana wendawazimu wawili migombani, watu walisimama kututazama, lakini kabla ya mvua zilizofuata nilikuwa nimetangulia mpaka Nduruma na nimevuka. Sisemi hofu imekwisha. Inakuja, inakaa, inaondoka, kama mgeni ambaye hakupikiwa. Baba Mdogo naye akaanza kulala.

Tulipopata nguvu tukaenda Moshono kusema ukweli. Mama yake Mesiaki akatupa uji, tukaeleza yote, machela, mfereji, neno lile moja. Mzee Loishiye akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Mwalimu, huyu anayekupa uji, alipomzaa Mesiaki alikaa mwaka mzima hasemi, hali mpaka alishwe, mtoto anamtazama kama jiwe. Nilikaa naye, akarudi. Ugonjwa mimi siukimbii, hakuna ukoo usiokuwa nao. Lakini mwanangu wa kwanza alikuwa mlevi. Nilimtoa mwenyewe mferejini asubuhi, amekwisha kufa. Nilipokuona wewe ndani ya maji unanuka pombe, niliapa sitapeleka mwanangu mwingine kwenye nyumba ya namna hiyo."

Baba Mdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Na Mesiaki?"

"Mesiaki amepata mchumba huko Sekei. Ng'ombe nimeshapeleka."

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya uongo wote duniani nilichagua ule mmoja ambao yule mzee asingeweza kuusamehe, nikauficha ukweli ambao angeupokea kwa mikono miwili. Nilimweleza Elirehema jioni ile ile, akiwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Mama alikuwa wangu pia, Kaka. Ungeniambia mimi."

Aliolewa baadaye, na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne, mtu mwema mwenye kikohozi, ambaye dada yangu hakumchagua, alimkubali tu. Siku ya kumsindikiza nilivaa koti langu nikaenda kusimama pale mbele ya msafara, pahali pa kaka. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimejifunza miezi na miezi kwa ajili ya njia ile. Elirehema akatoka, akanipangusa vumbi begani, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Kaka, wewe njoo nyuma."

Nikaenda nyuma. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, mtu akiniuliza tena una nini nitamwambia nilicho nacho, hata kama ni barabarani, hata kama ni wakwe. Nikamtazama dada yangu mgongo, njia nzima, mpaka walipompokea, na hakugeuka.