Nilipulizia nyanya zangu dawa ya pamba kwa kumwiga mtaalamu wa bustani wa kwenye TV, mkwe akaondoka nazo

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii siyo chai. Wahusika wengi bado wapo hai na mmoja wao huwa anasoma humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua.

Ni miaka ile ya tisini kuelekea mwisho, Bariadi. Ushirika ulikuwa umeyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wameingia kwa fujo, na mimi karani wa ghala nimerudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Nikawa mtu wa kuzunguka mjini nimekunja mikono nyuma.

Kuna mfanyabiashara alifunga dishi dukani kwake, TV inaendeshwa na betri ya gari. Kila Jumamosi mchana kulikuwa na kipindi cha bustani. Mtaalamu wake alikuwa mzee mmoja wa Dar, sisi tukimwita Mzee Bustani. Mabuti ya mpira, kofia ya majani, anaongea na mchicha kama anaongea na wajukuu. Analima kwenye viroba, matairi, masufuria yaliyotoboka.

Wakuu, yule mzee aliniokoa. Nilikuwa nimeanza kuwaza vibaya. Nikaanza na tairi mbili uani, baada ya miezi ua wote ni nyanya, chainizi na karoti. Kofia kama yake nikatafuta mpaka nikapata.

Sasa kwetu Usukumani, mwanaume ni ng'ombe na pamba. Mboga ni kazi ya mama. Wenzangu walinicheka sana, wakaniita "mayu", yaani mama. Nilikuwa nachukia, ila nikiona nyanya zinavyowiva nasahau.

Wadudu wakaingia. Jumamosi ile nikakimbilia dukani, na kwa bahati Mzee Bustani alikuwa anafundisha kupulizia. Akaonyesha kushika bomba, akaonyesha kupiga chini ya jani. Akasema, "Sasa ndugu mtazamaji, jambo la muhimu kuliko yote..."

Betri ikaisha.

Watu wakaguna, wakatawanyika. Na mimi kwa kiherehere changu nikaona nimeelewa vya kutosha. Nyumbani nilikuwa na dawa ya pamba iliyobaki, ya kupimiwa, kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Soko lilishakuwa huria, kila mtu anauza dawa. Nikachanganya kipimo kile kile cha shambani, jioni ile nikapiga bustani nzima.

Mke wangu alikuwa ndani na kichanga, sikumwambia. Nilitaka Jumatatu nimwonyeshe wadudu wamekufa wote, anisifie. Ujinga mtupu.

Niseme kidogo kuhusu mama mkwe. Alikuwa kwetu mwezi mzima kumsaidia binti yake uzazi. Kwa mila yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani ovyo. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, na jikoni alipo yeye wewe huingii abadani. Mwezi mzima nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili alfajiri nikaenda Sapiwi kumsaidia baba kupima pamba. Nimerudi saa saba mchana, uani nyanya zilizoiva hakuna hata moja.

Nikamuuliza mke wangu nyanya ziko wapi. Anacheka kwa furaha.

"Nimemfungia mama. Amepata lori la pamba saa nne, karudi kwao Mwamapalala. Nimemwambia akawaonyeshe watu wa nyumbani, hizi kalima mkwe wake kwa mikono yake."

"Umeziosha?"

"Nimezifuta vumbi tu. Kwani vipi?"

"Na wewe umekula?"

"Bado, nilikuwa nakusubiri. Baba fulani, mbona unauliza hivyo?"

Nikamwambia. Akakaa chini na kichanga kifuani. Simu hazikuwepo wakuu. Nikachukua baiskeli.

Ile safari sitaisahau. Vumbi, jua la utosi, mnyororo umechomoka mara mbili, vidole vinateleza kwa grisi na jasho. Kichwani naona sufuria ipo jikoni na familia nzima imeizunguka. Nilikuwa naomba kwa sauti, watu barabarani wananishangaa.

Nimefika alasiri. Moshi unatoka jikoni. Nikatupa baiskeli, nikakimbia hadi mlangoni.

Na pale mlangoni, wakuu, nikasimama.

Nikapiga hodi.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akaitambua sauti, akaitikia toka ndani, "Ee! Subiri kwanza shemeji, mama yumo humu!" Nikasikia pilikapilika, wanamtafutia mama khanga ya kujifunika apite mlango wa nyuma. Shemeji akaendelea na salamu zetu za Kisukuma, "Mwadila shemeji! Mhola?"

Nikajibu, "Mhola," yaani salama.

Nimeendesha baiskeli kama kichaa, halafu nasimama mlangoni nasalimiana! Miguu ilikataa kabisa kuvuka kile kizingiti. Nimelelewa hivyo. Sijui nilisimama kwa muda gani. Labda ni muda wa kuhesabu mpaka ishirini, labda zaidi.

Halafu nikasikia sauti ya mtoto ndani, "Mama, nikimaliza hii nyanya niongeze nyingine."

Niliingia. Mama mkwe yupo pale pale, khanga haijamfika kichwani. Nikapiga teke sufuria, mboga zote chini. Minza, mtoto wa shemeji, wa miaka minne hivi, amekaa karibu na jiko, nyanya nusu mkononi na maji yake yanachuruzika kidevuni. Nikampokonya.

"Zina dawa! Dawa ya pamba!"

Shemeji akapiga yowe. Kabla hatujajua tufanye nini, mtoto akaanza kutoka mate mengi, jasho, kisha akatapika. Alikuwa ameshakula moja nzima, ile ya pili ndiyo niliyoikuta.

Jirani mwenye pikipiki akatukimbiza zahanati, mimi nimempakata katikati, analegea kama kitambaa. Mganga akauliza dawa gani. Sina jina! Nikamnusisha shati langu la jana, ambalo nilikuwa bado nimelivaa. Akaelewa, akaanza sindano. Mpaka jua linazama nilikuwa nje nimechuchumaa, nalia bila aibu.

Minza alipona. Siku ya tatu aliruhusiwa.

Siku hiyo nilipiga magoti uani ukweni mbele ya wote, uso chini, nikaomba radhi kwa dawa, na kwa kuingia jikoni kwa mama na kumwaga chakula chake. Nikasema niko tayari kutoa ng'ombe wa faini.

Mama mkwe akaja akasimama mbele yangu. Akaninyanyua kidevu kwa mkono wake, akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza toka nimuoe binti yake.

"Jikoni nimekusamehe. Lakini nilikusikia, baba. Ulisimama nje. Wakati huo nyanya ya pili ilikuwa bado nzima."

Nimelima bustani mpaka leo, na sipulizii kitu ambacho sijasoma maelezo yake hadi mwisho. Hilo ni somo dogo. Somo kubwa ni kwamba mtoto alikuwa anakula sumu hatua tatu kutoka niliposimama, na mimi nilikuwa naitikia salamu.

Karibuni mseme, hata matusi nitapokea. Ila kwanza niambieni kweli: wewe ungeingia?