Mstari Ulioishikilia Mizani

Naoufel Kammoun alikuwa na miaka arobaini na saba, nywele za kutosha upande mmoja wa kichwa, na kazi moja ya maana maishani: kiendeshi, yaani msimbo unaowezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Kifaa chenyewe ni mizani ya kujazia chupa za mafuta ya zeituni, na viwanda kumi na viwili vya mji wa Sfax, Tunisia, viliitegemea. Kwa miaka sita alitamani kiendeshi hicho kipokelewe ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta kinachotumika dunia nzima, jina lake likae humo hata kampuni iliyomwajiri ikifa. Na kampuni ilikuwa inakufa, kwa adabu, idara moja moja.

Hatimaye alikituma. Mkaguzi wa msimbo wa mfumo huo, Mfini ambaye hajapata kumwona, alijibu kwa barua pepe fupi. Kazi safi, ila mwandishi amejitungia amri yake ya kuandika ujumbe kwenye daftari la mfumo. Atumie amri za kawaida. Na ule ujumbe wa "nimefika hapa", unaoandikwa kila chupa inapopimwa, aushushe ngazi ya uchunguzi, ambako hunyamaza mpaka mtu auhitaji.

"Hiyo kazi ya nusu saa," alisema Hayet wa meza ya pili, mdogo kwake kwa miaka ishirini. "Umeshapita, Bwana Naoufel. Tununulie maandazi ya bambaluni, na sukari nyingi."

"Ngoja kwanza ipime."

Alibadilisha kama alivyoagizwa. Mizani ya majaribio ilipima chupa tisa, ikaganda. Akarudisha mstari wake wa zamani, ule wa ujumbe: chupa mia tano bila kukwama. Akaunyamazisha tena: kumi na nne, kimya.

Hayet akasogeza kiti. "Kumbe ujumbe ndio unaofanya kazi?"

"Unachelewesha tu. Mfumo ukiandika unapoteza muda kidogo, na mizani inapata kupumua. Amri ya kawaida ikinyamazishwa haipotezi hata chembe. Imetengenezwa vizuri mno."

"Na ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikasema nitatafuta sababu wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani? Basi weka amri ya kungoja."

"Wataniuliza ingoje kiasi gani, na kwa nini. Sijui kiasi gani. Sijui kwa nini."

"Tunga chochote. Yuko Finland yule, ataipimia wapi?"

Alitafuta siku tatu. Alisoma kitabu cha chipu ya mizani, kurasa mia nne ambamo mtengenezaji ameeleza kila kitu isipokuwa hicho. Siku ya nne, muda wa kupokea misimbo ukielekea ukingoni, alimwandikia mkaguzi: "Ujumbe huo haukusudiwi kusomwa. Ukiondoka, mizani inaganda. Sijui sababu."

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. Mfini alimshukuru kwa ukweli, jambo nadra, na kwa ajili ya ukweli huo hawezi kukipokea kiendeshi. Wala asijisumbue mwakani: chipu hiyo haitengenezwi tena.

"Ungedanganya, saa hizi tunakula bambaluni," Hayet alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Najua, binti yangu."

Simu ikalia. Kiwanda kimoja cha barabara ya Gabès kiliomba nakala nyingine ya kiendeshi, maana ya kwanza haijawahi kuwaangusha hata siku moja. Naoufel alizisikiliza sifa zote mpaka mwisho, akasema wataipata kesho, akabaki ameshika mkono wa simu baada ya upande wa pili kukata.